Mahali pa Korongo kwenye Karatasi

Kila Noemí Laruta alipokaa kupiga chapa, mlango ulifunguliwa. Ulikuwa mlango wa ofisi ya kamati ya Villa Kantati, mtaa ulio juu kabisa ya mlima, ambako upepo haulali, na siku hiyo kila mwenye miguu alikuwa na sababu ya kuufungua. Afisa wa manispaa angepanda mchana kupokea madai ya mtaa, na katibu wa mtaa alikuwa Noemí.

Mwaka uliopita walimpa orodha ndefu, dai baada ya dai. Afisa akachagua yaliyo mepesi. Milingoti ya goli ikapakwa rangi, shule ikapewa bendera mpya, kisha akaandika kwamba madai mengi ya wananchi yamejibiwa. Noemí, aliyekuwa amerudi kutoka chuo kikuu, ndiye aliyesema, kwa sauti ambayo wa nyuma hawakuisikia, kwamba safari hii wasimpe orodha. Wampe mpangilio: madai makuu machache yenye namba za Kirumi, chini ya kila moja herufi, chini ya herufi namba ndogo. Watu wakampigia makofi.

Halafu ikavuma kutoka mitaa ya jirani kwamba yule afisa huzipa tarehe ya utekelezaji namba za Kirumi tu. Herufi na vilivyo chini yake huandikiwa "litaangaliwa". Basi, tangu hapo, hapakuwa na mtu Villa Kantati aliyekubali kuwa herufi.

Alfajiri, katika nakala ya kwanza, ukuta wa kulizuia korongo, ambao bado haujajengwa, ulikuwa namba ya nne, peke yake. Korongo lilikuwa linakula mlima kidogo kidogo kila msimu wa mvua, na nyumba iliyokuwa karibu na ukingo kuliko zote ilikuwa ya mama yake, Doña Basilia. Ukuta wa chumba chake ulikuwa na ufa alioujaza magazeti. Kitanda alikuwa amekwishakisogeza hadi mlangoni. Mawingu ya mvua za kwanza yalikuwa yanakusanyika tangu juzi.

Wa kwanza kuingia alikuwa Don Gumercindo, mwenyekiti, kofia mkononi.

"Katibu, na barabara umeiweka wapi? Mabasi yanageuzia wapi, kichwani kwangu?"

"Nitaiweka, Don Gumercindo."

"Namba ya nne ni barabara. Ukuta uweke chini yake. Ukuta si uko kando ya barabara? Basi."

"Sawa."

Akatoa karatasi, akaingiza nyingine na kaboni yake, akapiga: IV. Barabara. A. Ukuta wa korongo. Hakuwa hata amefika mwisho wa ukurasa, Doña Saturnina akaujaza mlango kwa sketi zake. Huyu ndiye aliyeongoza wauza soko, na hata mbwa wa mtaa walimpisha.

"We binti, nimesikia soko letu ni herufi!"

"Hapana, Doña Satu. Vyoo vya soko ni namba ya pili, ya Kirumi."

"Na mifereji ya soko? Mimi niuze nyama huku maji machafu yananipita vidoleni?"

"Mifereji... naweza kuiweka kwenye barabara. Maji ya mvua."

"Iweke juu ya korongo. Korongo lina wenyewe wangapi? Wawili, watatu." Akamtazama kidogo. "Mmoja ni mamako, najua. Usije ukapendelea nyumbani kwenu, eh? Watu wana midomo."

Noemí akahisi masikio yanawaka. Hilo ndilo alilolihofia tangu siku alipochaguliwa. "Sawa, Doña Satu," akasema.

Wakaja wa timu ya mpira. Wakaja walimu. Kila mmoja aliambiwa sawa, na kila sawa iliusukuma ukuta ngazi moja chini. Noemí alisimama, akakaa, akasimama tena, akaenda dirishani, akarudi. Alijiambia ukuta bado umo. Haujatoka. Umo tu.

Mama yake aliingia na bakuli la maharage mapana yaliyochemshwa na kipande cha jibini.

"Kula. Umekuwa kama kijiti." Akazitazama karatasi asizojua kuzisoma. "Tumewekwa wapi?"

"Ndani, mama."

"Ndani wapi?"

"Namba ya nne."

Doña Basilia akafikiri. "Namba ya nne si mbaya," akasema, akatoka akiwa amefurahi. Noemí akalisogeza bakuli kando.

Kwa desturi yao, hakuna karatasi iliyotoka mtaani kabla ya kusomwa mbele ya watu wote na kupigiwa kura ya mikono, na msomaji ni katibu. Walikusanyika kwenye uwanja wa mpira, wanaume kwenye mabenchi, akina mama chini juu ya mashuka wakimenya maharage. Karatasi ilipigana na upepo mikononi mwa Noemí.

"Sauti!" akapiga kelele mmoja wa timu. "Au unamsomea mbuzi?"

Akasoma maji ya kunywa. Akasoma vyoo vya soko, akina mama wakashangilia. Akasoma shule. "Nne," akasema, na kule kwenye mashuka mama yake akainua kichwa.

"Nne. Barabara."

Mama akaitikia kwa kichwa, polepole, akingoja.

"A. Mahali pa mabasi kugeuzia. B. Maji ya mvua. Moja, mifereji ya soko. Mbili, mwanga wa uwanja..."

Mkono wa mama ukasimama juu ya ganda la haragwe. Alikuwa anamtazama binti yake kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa mlangoni kwa jirani.

Noemí akaishusha karatasi.

"Endelea, katibu," akasema Don Gumercindo. "Gari lao limeonekana kwenye kona ya chini."

"Siwezi. Mpangilio huu nimeupanga vibaya."

"Vibaya vipi? Si tumekubaliana?"

"Kila mtu nilimwambia sawa." Safari hii hata wa nyuma walimsikia. "Don Gumercindo, hayo mabasi yatageuzia wapi?"

"Pale juu. Ukingoni."

"Ukingo wa nini?"

Mwenyekiti akavaa kofia, akaivua.

"Doña Satu, bomba la vyoo vyenu litashukia wapi?"

"Korongoni, litashukia wapi kwingine, mbinguni?"

"Mlima ukiendelea kuliwa, litaning'inia. Kilicho chini kabisa mlimani kilipaswa kuwa juu kabisa kwenye karatasi. Mimi nimekificha kwa sababu mama yangu anaishi hapo, na niliogopa mtasema."

"Na tunasema!" akadakia wa timu ya mpira. "Nyumba ya mama yake!"

Vicheko vikapanda, na miluzi. Noemí hakukimbia, ingawa miguu ilitaka. Chini barabarani gari lilisikika likibadilisha gia.

Doña Saturnina akainuka, akakung'uta maganda kwenye sketi. "Nyamaza wewe, goli lenu lenyewe limeinamia korongo kama mlevi." Akamgeukia Noemí kwa hasira ya kweli. "Kwa hiyo vyoo vyangu viwe herufi."

"Chini ya ukuta. Ndiyo."

"Vitaandikiwa 'litaangaliwa'."

"Pengine. Sitakudanganya tena."

Doña Saturnina akauma mdomo. "Herufi A basi. Si B! Na mwakani soko ndilo namba ya kwanza, na wewe ndiye utakayeiandika." Akainua mkono wake mnene. Mikono ikafuata, mingine kwa uvivu, mingine ikishushwa na kuinuliwa tena. Don Gumercindo akainua wake mwishoni.

Noemí akapiga magoti, akaandika upya kwa kalamu juu ya paja, karatasi ikitobokatoboka. I. Ukuta wa korongo. A. Vyoo na bomba la soko. B. Barabara. Alipoinua kichwa, viatu safi vya afisa vilikuwa mbele yake.

"Korongo?" akasoma yule mtu. Aliitwa mhandisi Irusta. "Mwaka jana halikuwemo."

"Lilikuwemo," akasema Noemí. "Karibu na mwisho. Twende ukalione."

Doña Basilia alitangulia. Chumbani kwake akavuta magazeti yaliyojaa ufani, moja baada ya jingine, akarudi nyuma. Mhandisi akaingiza mkono ufani. Ukazama hadi juu ya saa yake, na upepo wa upande wa pili ukampuliza mkono wa shati. Hakuutoa haraka. Kisha akaomba meza, akaandika tarehe kando ya namba ya kwanza: wiki ileile. Kando ya A na B aliandika lile neno lake, na mlangoni Doña Saturnina akasonya kwa nguvu.

Walipoondoka, mama alianza kurudisha magazeti ufani.

"Asubuhi ulisema namba ya nne," akasema bila kugeuka.

"Ndiyo, mama."

"Shika hapa, niyasukume."

Noemí akashika. Juu ya bati tone la kwanza la mvua likagonga, kisha jingine, na wote wawili wakasimama wakisikiliza.