Monita Iliyovuja Rangi

Jumamosi asubuhi saluni ya Doña Ubaldina, kule San Pedro de Macorís, ilikuwa imejaa kama kawaida. Wanawake walikaa chini ya mashine za kukaushia nywele, vichwa vimejaa rola, kila mmoja akipaza sauti ili asikike juu ya ule mvumo. Katika chumba cha nyuma, ambacho zamani kilikuwa stoo ya dawa za kunyoosha nywele, alikaa Dilenia, mtoto wa kaka yake Ubaldina, akihariri video za harusi na za sherehe za wasichana waliotimiza miaka kumi na mitano.

Kazi aliijua, na mkono wake ulikuwa mwepesi. Shida ilikuwa monita. Ilikuwa kuukuu, imegeuka njano kama jino la mvuta sigara, kwa hiyo kila alichokiona mle kilikuwa uongo. Bibi harusi wa juzijuzi alitoka rangi ya parachichi, na Dilenia hakujua mpaka familia ilipokaa sebuleni kutazama. Bwana harusi alicheka. Bibi harusi hakucheka.

Sasa alikuwa na video ya Yudelka, msichana aliyetoka kutimiza miaka kumi na mitano, na hiyo haikutaka mchezo. Baba yake Yudelka, Confesor, aliondoka kwenda Hispania kusafisha madirisha ya maghorofa wakati mtoto bado ana pengo la meno ya mbele, na tangu hapo hajamwona. Hata picha hajatumiwa. Zunilda, mama yake Yudelka, kila mwaka alisema anangoja ipatikane nzuri.

"Nataka anione," Yudelka alimwambia Dilenia siku ya sherehe, akiwa na gauni lake jeupe pana kama chandarua. "Hilo tu. Ukumbi siutaki, keki siitaki. Papi anione."

Kisha akasimama mbele ya kamera, akanyoosha mgongo, akasema, "Papi, ni mimi. Unanionaje?" Akatega sikio, kana kwamba anajibiwa.

Basi asubuhi hiyo ya Jumamosi Dilenia alitoka chumba cha nyuma, pochi kwapani, akatangaza kwamba anakwenda kuchagua monita mpya.

"Peke yako?" akauliza Ubaldina.

"Na nani tena, shangazi?"

"Huyu mtoto anataka kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Twendeni."

Mashine zikazimwa. Wanawake wote wakainuka na rola zao kichwani, wakazifunika kwa nyavu, wakashika njia kuelekea nyuma ya soko. Walikwenda wakiongea wote kwa pamoja, na wenye pikipiki walipunguza mwendo kuwapisha. Zunilda alitangulia mbele, maana video ilikuwa ya binti yake.

"Kitendawili," akasema Ubaldina njiani.

"Tega."

"Nyumba yangu haina mlango, watu wanaingia wakicheza, mvua ikinyesha hailowani sakafu."

"Monita," wakajibu wote. Siku hiyo hapakuwa na jibu jingine mjini.

Muuzaji aliitwa Wilton, mtu mnene mwenye taulo begani, na duka lake lilikuwa na monita ukuta mzima, zote zinaonyesha samaki wa rangirangi. Aliona rola zile zikiingia, akavuta kiti akakaa.

"Karibuni, mama zangu. Mnataka kubwa, ndogo, ya kung'aa?"

"Ya kung'aa sitaki," alisema Dilenia. "Nitajiona mwenyewe badala ya kazi. Na hao samaki watoe. Samaki siwajui, hata wakidanganya sitajua."

Halafu akafanya jambo alilokuwa amelipanga kitandani. Alichukua kamera, akapiga video ya mkono wa Ubaldina hapohapo mlangoni, kwenye mwanga wa jua. Mkono ule alikuwa anaujua tangu utoto. Ulimlisha, ukamsuka, na ulimchapa pia. Akachomeka kamera kwenye monita ya kwanza, akamwambia shangazi auweke mkono wake kando ya kioo.

Mkono wa kwenye kioo ulikuwa mwekundu.

"Hiyo ni salami," akasema mmoja wa wanawake.

Monita ya pili iliutoa wa kijivu.

"Ndizi iliyochemshwa jana," akasema mwingine. "Pita, bosi, pita."

Ya tatu ilikuwa nzuri ukisimama katikati, lakini ukisogea pembeni mkono unakuwa wa marehemu. Wilton akaanza kujifuta kwa taulo. Wanawake walikuwa wamechangamka sasa, wanasukumana ili kila mmoja aweke mkono wake, wanapewa majina ya vyakula, wanacheka mpaka rola zinalegea. Umeme ukakatika. Walikaa gizani wakingoja, wakajipepea na vipeperushi vya duka, na uliporudi mtaa mzima ukashangilia, nao pia, kama umeme ni mgeni aliyeahidi kuja.

Ndipo Ubaldina akaona monita moja pembeni, nyuma ya feni mbovu.

"Na ile?"

"Ile imerudishwa," alisema Wilton. "Inavuja."

"Inavuja nini?"

"Rangi. Inaonyesha sawasawa kabisa, ila ukimpunguza mtu rangi, ile uliyopunguza inadondoka kwa chini. Mwenye nayo wa kwanza ilimharibia kitambaa cha meza. Ukiweka beseni huna shida."

"Beseni tunalo," akasema Ubaldina. "Sisi ni saluni."

Dilenia akaiwasha. Mkono ukatokea. Ubaldina akauweka wa kwake kando, na hapakuwa na tofauti. Kovu la pasi lilikuwa mahali pake. Weusi wa kwenye vifundo ulikuwa vilevile, na ule wekundu mdogo chini ya kucha. Zunilda, aliyekuwa nyuma, alishika mkono wa kwenye kioo akidhani ndio wenyewe.

"Hii," alisema Dilenia, na sauti ilimtoka juu kuliko alivyokusudia. "Hii hii. Nifungie."

Waliibeba kwa zamu mpaka saluni, kama sanamu ya mtakatifu siku ya maandamano, na mwenye duka la kona akatoka kuwauliza nani kazaa.

Jumatatu kazi ikaanza. Dilenia alifungua ile dansi ya kwanza, ambayo msichana hucheza na baba yake; Yudelka aliicheza na mjomba. Akawa amesimama mle ndani mweusi mororo, wa kahawa iliyokaangwa vizuri, gauni jeupe likimwaka chini ya shingo, macho yanacheka. Dilenia alikaa akamtazama tu. Miaka yote ya kazi hiyo hakuwahi kumwona mtu mle ndani akiwa mzima hivyo.

Zunilda alikuja na kiti chake, akakaa karibu.

"Mzuri," alisema. "Sasa mng'arishe."

Hili halikuwa jambo la kushangaza. Kila mama aliyeleta video alisema hivyo, na wengine hawakuhitaji hata kusema. Bei ya Dilenia ilikuwa ni pamoja na kung'arisha ngozi, kama bei ya saluni ilivyo pamoja na kuosha.

"Mbona yuko sawa, Zunilda. Tazama alivyo."

"Alivyo namjua, mimi ndiye niliyemzaa. Nyumba anayokaa Confesor ina watu, wataitazama wote. Nitamtoa mtoto hivi mbele ya watu? Mng'arishe, mwanangu, usinipigie hotuba."

Dilenia akasukuma beseni chini ya monita, akaanza.

Rangi ilitoka taratibu, kwenye ukingo wa chini, matone ya kwanza membamba, kisha mfululizo, kama chai inavyotoka kwenye birika. Ilikuwa ya moto kidogo. Ilinukia mdalasini na sukari iliyoungua. Kila Yudelka alipokuwa mweupe zaidi kwenye kioo, sauti ya beseni ilibadilika, mpaka Dilenia akasimama kutafuta chombo kingine. Ubaldina alileta chupa kubwa za mayonezi zilizooshwa, wakaijaza rangi humo, wakazipanga rafu ya juu.

Jioni Yudelka alipita akitoka shule, begi mgongoni. Akazitazama zile chupa.

"Hiyo ni mimi?"

"Ni wewe," alisema Dilenia.

"Nyingi."

Alichovya kidole, akajipaka kwenye mkono, na rangi haikuonekana, ilipotea pale pale kama maji yaliyomwagwa mtoni. Zunilda alimshika asirudie, na tone likamwangukia yeye kwenye kifundo cha mkono. Kwake lilibaki. Alilisugua kwa ndimu, kwa sabuni ya vyombo, kwa dawa ya saluni, halikutoka, na tangu siku hiyo akawa analifunika kwa saa ya mkononi.

Video ikachomwa kwenye diski, ikapewa binamu wa jirani aliyekuwa anasafiri kwenda Hispania. Mtaa mzima ukawa unangoja. Wanawake waliokuja kutengeneza nywele walikuwa wanakaa hata baada ya nywele kukauka, maana Confesor alikuwa na kawaida ya kupiga simu ya saluni Jumapili baada ya misa. Yudelka alivaa vizuri kuipokea simu, hereni na yote.

Jumapili simu ikalia. Zunilda akaipokea, na Ubaldina akabonyeza kile kitufe cha kufanya wote wasikie.

"Nimeitazama," alisema Confesor, na furaha yake ilijaa saluni. "Tumeitazama wote, mara nyingi. Ukumbi ule! Na keki. Nimemwona Ubaldina anacheza, mwambieni kiuno bado kipo."

"Kipo," akajibu Ubaldina.

"Ila Zunilda, nikuulize. Mwanangu mlimficha wapi?"

Wanawake wakatazamana kwenye vioo.

"Kumficha vipi? Si yuko mwanzo mpaka mwisho?"

"Naona binti mmoja mweupe, mzuri, Mungu ambariki. Amekaa kiti cha Yudelka, amecheza dansi ya Yudelka. Hata mimi kanisalimia, 'Papi, ni mimi,' nikadhani mtoto wa jirani anataka kunichekesha. Nikasema nitulie, Yudelka atakuja. Mpaka watu wanafagia ukumbi hakuja. Kaumwa?"

Yudelka akasogea kwenye simu.

"Papi, ni mimi yule."

"Sauti yako naijua," alisema Confesor. "Lakini yule simjui, mwanangu. Wewe ni mama yangu Lucila mtupu, niliondoka nikakuacha hivyo. Uliondokaje kwenye uso wako?"

Simu ilipokatwa wote walihamia chumba cha nyuma. Dilenia hakungoja aambiwe. Alishusha chupa kutoka rafuni, akachovya brashi ya kupakia dawa ya nywele, akapitisha kwenye ukingo wa juu wa monita, na rangi ikanywewa. Ikashuka ndani ya picha, kwenye paji la uso, mashavu, shingo, mabega, mpaka ncha za vidole. Akapitisha tena. Chupa moja baada ya nyingine zikaisha, na Yudelka akarudi, anazunguka mikononi mwa mjomba wake, mweusi mororo, macho yanacheka. Wanawake wakapiga makofi. Mmoja alilia, rola zikamtoka. Yudelka alisimama mbele ya kioo mkono kifuani, na kwa muda huo walikuwa wawili wasiotofautika.

"Ndiye," alisema Ubaldina. "Ndiye huyu sasa."

"Ndiye," alikubali Zunilda. Naye alikuwa anafuta machozi. Alimtazama binti yake mpaka dansi ikaisha. Kisha akaigeuza ile saa yake mkononi.

"Sasa mng'arishe tena."

"Zunilda."

"Si nimemwona? Nimefurahi. Ila wale watu wa kule wameshamwona mweupe, leo nimpeleke mweusi, watasema nini, tumebadilisha mtoto? Mng'arishe. Halafu chini yake andika jina, lisogee naye kila anakokwenda, baba yake asipotee tena."

Yudelka aliulizwa na Dilenia anataka herufi za rangi gani. Akautazama mkono wake.

"Za rangi yangu."

Beseni likarudi chini ya monita, chupa zikajaa tena. Kutoka moja Dilenia alichota kijiko kimoja, akaandika nacho. Herufi zikatoka za kahawia iliyokolea, YUDELKA, zikakaa kwenye pindo la gauni jeupe. Msichana alipozunguka zilizunguka, alipokata keki zilisimama kando ya kisu, na aliposema "Papi, ni mimi," zilisogea karibu na mdomo wake. Ilikuwa kazi safi. Wanawake wawili waliagiza palepale, kwa ajili ya mabinti zao.

Diski ya pili ikasafiri. Jumapili simu ikalia, saluni imejaa hadi mlangoni.

"Nimemwona," alisema Confesor. "Safari hii nimemwona."

"Unaona?" alisema Zunilda. "Umemwonaje?"

"Nimesoma. Nimefuata jina mwanzo mpaka mwisho, sikuondoa macho hapo. Na mwambieni huyo fundi mkono wake umebarikiwa, maana herufi zile nimezigusa kwenye televisheni, zina rangi ya mama yangu hasa. Nilikuwa nimeisahau. Watu wa hapa nimewaambia wote, tazameni, mama yangu huyo."

Yudelka alikuwa anacheka, mkono mdomoni. Zunilda naye alicheka, akamwambia asubiri kidogo kwenye simu. Akaziba mahali pa kuongelea kwa kiganja, akamgeukia Dilenia.

"Hizo herufi," alinong'ona. "Ziko giza sana. Zing'arishe."

"Zote?"

"Zote."