Vyeusi Chini ya Gunia

Kilipotoka kigae cheusi cha tatu mfululizo, fundi vigae alikigeuza kifudifudi na kukisukumia chini ya gunia kabla hajaonekana.

Wa kuweza kumwona alikuwa mmoja tu, mama mpaka rangi, aliyekuwa juu ya ngazi mwisho wa korido. Shule ilikuwa imefungwa, na mwalimu mkuu alitaka sakafu ya vigae vyeusi na vyeupe, "bila mpango wowote, fundi, kama vimemwagika." Kazi yenyewe ilikuwa kuingiza mkono kwenye boksi na kulaza kilichotoka.

Lakini tangu saa tatu asubuhi mkewe alikuwa akipasuliwa moyo. Hospitali iliruhusu mtu mmoja tu wa kungoja, akaenda shemeji yake, maana fundi akikaa bure hutapatapa. Simu ilikuwa kimya mfukoni. Basi vigae vikaanza kusema naye. Cheupe: anapumua. Cheusi: Mungu wangu! Alijua ni upuuzi, na bado mkono ukaendelea kuficha.

"Fundi!" Mpaka rangi alikuwa ameshuka, brashi mkononi. "Mbona huku weupe mtupu? Vyeusi umevila?"

Fundi akaweka chini kigae alichoshika. "Naogopa, dada. Kila kikitoka cheusi naona ndiyo habari ya mke wangu."

Mpaka rangi akainua pembe ya gunia. Vilikuwa kumi na kimoja. Hakumcheka.

"Si wewe uliyeniambia vitu vikichanganywa kweli havipokezani zamu? Vinarundikana, vyeusi huku, vyeupe kule?"

"Ni mimi."

"Basi ndiyo hivyo. Mgonjwa wako hata havimjui."

Maneno hayo yalimuuma kuliko alivyotegemea. Heri kigae kinachotisha kuliko simu isiyosema kitu. Kigae angalau kilikuwa kinamjibu. Kisha akachukua patasi, akabandua safu mbili nzima, gundi ikiwa bado mbichi, akavifuta vigae kimoja kimoja na kuvirudisha vyote kwenye boksi pamoja na vile vya chini ya gunia. Akalitikisa mpaka mikono ikamuuma.

Akaanza upya. Vikatoka vyeusi vinne vikifuatana. Jasho lilimtiririka mgongoni, lakini alivilaza vyote vinne.

Simu ikalia.

"Ametoka kwenye upasuaji, shemeji," sauti ilisema. "Hajaamka bado. Daktari anasema tungoje."

"Tungoje mpaka lini?"

"Hakusema."

"Haya. Mshike mkono wakikuruhusu. Mwambie namalizia korido, nakuja."

Mpaka rangi alikuwa amesimama akimtazama. Fundi akaingiza mkono kwenye boksi, macho yakiwa wazi. Kikatoka cheusi. Akakipaka gundi, akakilaza mahali pake, akakigonga mara mbili kwa nyundo ya mpira. Halafu akaweka pima maji juu yake kuona kama kimelala sawa, akainama, akangoja kile kiputo cha hewa kiache kutikisika.