Bamba Nililoligeuza

Kosa ni langu, na nalitaja mapema kabla sijaanza kutafuta wa kumsingizia, maana najijua. Bamba nililigeuza mimi. Kwa mikono hii, nikiwa nimelala vizuri, nimekunywa chai, na napiga mluzi.

Bamba lenyewe ni lile la rangi ya machungwa linalofungwa nyuma na ubavuni mwa tangi. Wewe ukiwa nyuma yetu madereva wa matangi barabarani unaona namba mbili tu, unapiga honi, unapita. Namba ya juu inasema hatari ni ya aina gani, ya chini inasema ndani kuna nini. Mimi nilipakia klorini ya maji, ile dawa kali inayotiwa kwenye maji ya bomba: juu 80, chini 1791. Shemeji yangu alipakia asidi ya kuoshea vyuma, anaipeleka kiwanda cha mabati: juu 80, chini 1789. Kila moja peke yake, ukiiheshimu, inakaa kwa adabu. Ukizimimina kwenye tangi moja zinatoa hewa ya kijani-manjano, na hewa hiyo haimwulizi mtu ana watoto wangapi.

Huyu shemeji ni mdogo wa mke wangu, tumbo moja. Kazi hii nilimwingiza mimi, nikamfundisha mimi, miaka minne iliyopita. Utani wetu hauna breki. Yeye ananiita Diploma, kwa sababu ya stashahada yangu ya ufundi mitambo iliyotundikwa sebuleni juu ya televisheni. Mimi namwita Bwana Harusi, maana hapandi gari kabla hajajitazama kwenye kioo cha pembeni na kulamba vidole kunyoosha nyusi.

Jana jioni tuliingia pamoja yadi ya kampuni, ile ya katikati ya safari. Vichwa vya magari vilitakiwa gereji kukaguliwa breki, kwa hiyo tukayafungua matela ya matangi, tukayaacha uwanjani yamesimama sambamba. Yote meupe, yote yametoka kiwanda kimoja mwaka mmoja, yote yana matope ya barabara ileile hadi kiunoni.

Asubuhi kulipokucha nikatoka wa kwanza. Shemeji alikuwa bombani, mswaki mdomoni.

"Diploma, taratibu!" akanipigia kelele na povu lake. "Dada yangu bado anakuhitaji!"

"Malizia hilo jino moja ulilobaki nalo," nikamjibu. "Utanikuta nimeshashusha, nimeshakula, nimeshasinzia."

Nikarudi kinyumenyume, nikafunga tela. La kushoto. Hapo ndipo akili inapogoma hadi sasa. Mimi nililiacha kushoto, nina hakika. Lakini kushoto ukitokea getini, au kushoto ukiwa unaelekea getini? Nimeuliza kichwa changu swali hilo mara ishirini, kila mara kinanipa jibu jipya.

Nikalizunguka tela kama inavyotakiwa. Tairi, nikazipiga kwa nyundo. Taa. Koki. Lakiri, ile ya plastiki inayofungwa kwenye koki baada ya kupakia, nikaivuta, haijakatwa. Namba yake sikuisoma. Namba ya tela nayo ilikuwa chini ya matope, na nani anafuta matope ili asome jina la mke wake? Ingawa, kweli, sokoni nimewahi kumshika bega mama wa watu kwa kumwona kwa nyuma.

Nikafika kwenye bamba. 1789. Nikatazama karatasi zangu za mzigo. 1791.

Mtu mwenye akili timamu angesimama hapo. Mimi nikacheka. Nikasema, wapakiaji hawa, wamesahau tena kugeuza. Namba hizo ni vibati vidogo vyenye bawaba, unavigeuza kama kalenda ya mezani. Mara nyingi kweli husahau, na mara nyingi kweli nimewageuzia. Nikageuza cha nyuma, nikageuza vya ubavuni. Nilijiona fundi. Nikaondoka.

Saa saba mchana nikafika mtambo wa maji. Anayepokea dawa pale ni dada mmoja wa maabara, mwembamba, viatu vya mpira vinamfika magotini. Tunajuana. Akapanda juu ya tangi na barakoa yake na glavu, akachota chupa moja ya kupimia, akashuka. Akaiweka kwenye meza ya zege, akafungua kifuniko.

"Baba," akasema, "klorini yako imeanza lini kuvuta sigara?"

Nikatazama. Mdomoni mwa chupa palikuwa panafuka moshi mweupe, mwembamba.

"Labda joto," nikasema. "Imekaa juani tangu asubuhi."

"Joto gani hilo? Mimi mwenyewe nimekaa juani tangu asubuhi, mbona sifuki?"

"Basi wamebadilisha kiwanda. Siku hizi wanachanganya vitu."

Akachovya kile kikaratasi cha kupimia. Klorini ingekifanya bluu, kisha ingekichubua kikawa cheupe. Hiki kikawa chekundu, chekundu cha rangi ya mdomo. Akachukua kingine. Chekundu. Tukawa tunakitazama wote wawili kama watu waliopewa barua ya lugha wasiyoijua.

"Hii ni asidi," akasema.

"Haiwezi. Bamba linasema 1791."

"Bamba linasema. Kikaratasi kinasema vingine."

"Na karatasi za mzigo zinasema klorini. Mbili kwa moja, dada. Mimi na wewe twende na wengi."

"Baba, ningeiruhusu hii iingie kwenye tangi langu, mimi na wewe tusingekuwa hapa tunapiga kura." Akaziba chupa. "Tela lako namba ngapi?"

"Ishirini na saba."

Akachukua ndoo ya maji, akazunguka nyuma ya tela, akamwaga. Matope yakateremka. Ishirini na tisa.

Nikasimama pale. Kitu cha kwanza nilichofikiria, na naona aibu kukisema, ni kwamba kuna mtu ameniibia tela. Halafu nikafikiria kwamba wapakiaji ndio waliochanganya. Halafu kwamba namba imeandikwa vibaya tangu kiwandani. Nilifikiria mambo manne au matano, yote ya watu wengine. Dada wa maabara akanisubiri.

"Tela ishirini na tisa ni la nani?" akauliza.

"La shemeji yangu."

"Na kama lake unalo wewe, yeye ana la nani?"

Nikakaa kwenye ngazi ya gari.

Nikampigia. Inaita, haipokewi. Nikapiga tena. Nikampigia msimamizi wa safari ofisini.

"Mbona kwenye kompyuta kila mtu yuko sawa?" akasema. "Wewe uko mtambo wa maji na ishirini na saba, mwenzako yuko kwenye mabati na ishirini na tisa."

"Kompyuta yako inafuata kichwa cha gari au tela?"

"Kichwa."

"Na namba ya tela inaijuaje?"

"Tunaandika sisi. Kutoka kwenye karatasi."

"Basi hiyo siyo kompyuta, ni daftari lenye umeme! Kichwa chake kiko wapi sasa hivi?"

"Ndani ya kiwanda. Kimesimama dakika arobaini."

"Wapigie wasifungue chochote. Ana klorini yangu, wataimwaga kwenye tangi la asidi!"

"Una hakika anayo?"

Swali la haki kabisa. Pembeni mwa uwanja kulikuwa na matela mengine mawili ya kampuni. Huenda alichukua mojawapo. Huenda alisoma namba, maana kijana yule ana macho. Huenda aliona bamba linasema 1791 na karatasi yake 1789, akasimama, akakuna kichwa, akafanya kile ambacho mimi sikufanya.

"Sina hakika ya kitu chochote leo," nikasema. "Piga tu."

"Napiga. Inaita. Huenda wako chakulani."

Nikampigia mke wangu. Sikutaka kumtisha. Nikaweka sauti ya kila siku.

"Mama watoto, mdogo wako ana simu nyingine?"

"Anayo ya nini, na hiyo moja yenyewe haiwekei chaji? Mmeanza tena nini?"

"Hatujaanza. Nina shida naye kidogo."

"Yeye ndiye mwenye salamu zako." Akaanza kucheka. "Alinipigia asubuhi akiwa njiani. Anasema: mwambie Diploma wapakiaji wake wamesahau tena kugeuza bamba, nimewageuzia mwenyewe, nimeona hata mimi nastahili cheti cha kutundika sebuleni."

Akacheka peke yake.

"Umesikia?" akauliza.

"Nimesikia."

"Baba watoto, kuna nini?"

"Nitakupigia."

Nikakata. Basi klorini yangu anayo yeye, na bamba lake sasa linasema asidi. Yule kijana hakubahatisha. Wiki yake ya kwanza nilisimama naye nyuma ya tangi kama lile, nikagonga bamba kwa kidole, nikamwambia wewe fuata karatasi, bamba ni la kugeuza tu. Nilimwambia kwa kujiamini, mwenye stashahada. Sijui kwa nini nilisema vile. Sijui kwa nini ilionekana akili.

Dada wa maabara alikuwa na simu yake sikioni, anatembea huku na huku.

"Nimewapata zimamoto wa upande ule," akaniambia. "Wanauliza kiwanda cha mabati kipi, wanasema viko viwili."

"Chenye geti la kijani."

"Wanasema yote mawili ya kijani."

"Basi waende kwenye vyote!"

Akawaambia. Kisha akanigeukia, sauti imeshuka. "Baba, usichoke bure kumpigia. Kiwandani madereva wanaacha simu getini kabla ya kuingia kwenye asidi. Wanazifungia kwenye kisanduku."

Najua. Nilimfundisha hilo pia, na hilo lilikuwa sahihi.

Mlinzi wa geti lile ana meza, ana daftari, ana redio ndogo. Labda ataisikia ikilia kwenye kisanduku. Labda ataichoka, atafungua. Nimepiga mara kumi na mbili. Nimebonyeza kitufe cha kurekodi sauti, nimezungumza hadi koo limekauka, nimetuma, nimerekodi nyingine.

"Shemeji, ni mimi. Usifunge mpira wa kushushia. Kama umeshaufunga, usifungue koki. Kama umeshaifungua, acha gari, acha kila kitu, kimbia upande upepo unakotoka, usirudi kumchukua mtu. Na wewe mlinzi, kama ni wewe unayesikiliza, usisikilize hadi mwisho, nenda kamwite. Shemeji, nijibu. Nitukane upendavyo, lakini nijibu."