Nani Kalifua Jembe la Yusra

Watu husema hasira hasara. Waseme tu. Mimi hasira ndiyo iliyonifundisha kufua chuma, na hasara yake sijaiona mpaka leo.

Naitwa Tatu. Ni mwalimu wa hesabu wa shule ya msingi hapa Korogwe, nakaa Masuguru na mume wangu Abdulaziz, fundi redio, mtu mpole kupita kiasi. Jumamosi, wenzangu wanapokwenda kusuka au kwenye vikoba, mimi navaa suruali kuukuu ya Abdulaziz, nafunga aproni ya ngozi, nawasha moto nyuma ya nyumba. Ninachofua siuzi. Hilo ndilo linalowaudhi majirani kuliko moshi wenyewe. "Mwalimu, visu hivyo bei gani?" Siuzi. "Sasa unajichosha ya nini?" Kwa sababu napenda. Mwanaume akisema anacheza bao mchana kutwa kwa sababu anapenda, hakuna anayemuuliza mara ya pili. Mimi naulizwa kila Jumamosi.

Baba yangu, Mzee Ukasha, ni mhunzi wa Handeni, mtoto wa mhunzi, mjukuu wa mhunzi. Nilipokuwa msichana kazi yangu ilikuwa kubeba mkaa mpaka kwenye kizingiti cha banda lake na kuumwaga hapo. Ndani sikuruhusiwa. Mwanamke akiingia, walisema, chuma kinakataa. Mdogo wangu Hashim, aliyekuwa analia moshi ukimgusa macho, ndiye aliyesimamishwa mbele ya fuawe na kupewa nyundo. Mimi nilibaki nje na kikapu changu, nikichungulia. Nusu ya kazi niliiona, nusu nyingine ilifichwa na mgongo wa baba.

Miaka minne iliyopita nilimwomba anifundishe. Nilikuwa na miaka arobaini na moja, mtu mzima mwenye watoto wakubwa. Angenikatalia tu, ningeondoka na heshima yangu. Lakini alicheka. Alicheka mpaka akamwita Hashim aje wacheke pamoja. Nilirudi Korogwe nimefura, na Jumamosi iliyofuata nikatafuta rimu ya gari, nikaipaka ndani udongo wa kichuguu, nikaunganisha feni ndogo ya gari kwenye betri ipulize moto kutoka chini. Fuawe yangu ni kipande cha mashine ya mkonge iliyokufa, nimekisimamisha juu ya gogo. Abdulaziz alisimama mlangoni, akaniuliza kama kuna jambo amenikosea.

Nilianza na ndoano ya kutundikia sufuria. Ilitoka mbaya, lakini sufuria ilikaa. Kisha nikafua tindo, kisha komeo la mlango, kisha nikajiona nimeshakuwa fundi nikataka kufua kisu. Nilikifua siku mbili kutoka kwenye springi ya gari. Kikanyooka, kikapendeza, nikakiingiza kikiwa chekundu kwenye ndoo ya maji, kwa sababu ndivyo nilivyomwona baba akifanya maisha yangu yote. Kikalia "tii!" Nilipokitoa kilikuwa na ufa kutoka kwenye makali mpaka mgongoni.

Nilivunja visu vinne namna hiyo kabla sijajua sababu. Kwenye simu nilimwona fundi mmoja akieleza kwamba chuma kigumu cha springi hakitaki maji, kinataka mafuta. Chuma cha baba kilikuwa laini, nondo na mabati mazito, ndiyo maana maji hayakukidhuru. Ni jambo la sentensi moja. Mtoto aliyekaa ndani ya banda angelijua akiwa na miaka kumi. Mimi niliyekuwa kizingitini nilijifunza kosa kwa uaminifu mkubwa, nikalirudia mara nne. Siku hiyo nililia, na sikulilia visu. Baadaye nikaenda gereji, nikaomba oili chafu, nikaendelea.

Sasa lazima niwaeleze mila yetu. Katika ukoo wetu binti hatolewi nyumbani bila jembe. Jembe la dukani ni aibu, afadhali aende mikono mitupu. Lazima liwe limefuliwa na mtu wa ukoo, na yule aliyelifua ndiye anayelitia mikononi mwa bibi harusi, mbele ya watu wa pande zote mbili. Linatolewa bila mpini, upande wa mume watachonga wenyewe. Langu alilifua baba, na ninalo mpaka leo, limelika limebaki kama kiganja. Lakini baba mikono inamtetemeka, huu mwaka wa tatu sasa. Chai anakunywa kwa mikono miwili na Hashim ameshika kisosi. Banda limefungwa. Hashim anaendesha bodaboda Handeni mjini na nyundo hajaigusa miaka kumi.

Kwa hiyo binti yangu Yusra alipochumbiwa na kijana wa Makuyuni, na siku ikapangwa, niliwaza: mtu wa ukoo si mimi? Nikaenda Mazinde kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, nikapata diski ya plau ya trekta iliyochoka. Nilikata, nikapasha, nikapiga. Jembe la kwanza nililipiga likiwa limeshapoa, likapasuka mkiani, pale linapoingia kwenye mpini. La pili lilipinda nilipolizamisha kwenye mafuta. La tatu nilikwenda nalo polepole Jumamosi sita. Nilipolitundika kwa kamba na kuligonga, lililia sauti moja ndefu, safi. Yusra alitoka jikoni na mwiko mkononi. "Mama, hilo ndilo langu?" Nikamwambia ndilo. Akalishika kwa kanga, akasema ataanza kulima hata kabla ya fungate.

Jembe huonyeshwa kwa mkubwa wa ukoo kabla ya siku yenyewe. Nikalifunga kwenye gunia, nikapanda basi kwenda Handeni.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Umeleta nini?"

Niliweka jembe kwenye mapaja yake. Alilipapasa kwa vidole vile vinavyotetemeka, akapita kwenye makali, akapita kwenye mkia, akaligonga kwa kucha, akainamisha kichwa kusikiliza. Hashim alikuwa kwenye kigoda pembeni, anachezea funguo za pikipiki.

"Nani kafua?"

"Mimi, baba."

Hakucheka safari hii. Aligeuza jembe upande wa pili, akaligonga tena.

"Jembe zuri," alisema. "Tutasema kafua Hashim."

Nilidhani sijasikia vizuri. "Tutasema nini?"

"Hashim atalitoa. Nikisema ni mwanamke, watu wa Makuyuni watasema Ukasha kakosa mwanaume wa kushika nyundo. Ukoo wote utachekwa. Wewe si mtoto, Tatu, unaelewa."

"Hashim hawezi kufua hata msumari!"

"Najua," alisema baba.

Alijua. Kama angekataa kwamba ni kazi yangu, ningebishana naye, ningeweza hata kumwonea huruma. Nikamgeukia Hashim. "Na wewe umekubali?"

"Dada, mimi nimesema neno?" Akainua mabega. "Mambo ya wazee hayo. Siku moja tu, inapita."

Nikanyoosha mkono nichukue jembe langu. Baba akaliwekea kiganja juu. Jembe likishaonyeshwa, alisema, linabaki kwa mkubwa mpaka siku yake, ndivyo ilivyo. Ni kweli, ndivyo ilivyo. Sikuweza kupigana na mzee wa miaka themanini kwa ajili ya chuma. Nilirudi Korogwe na gunia tupu. Abdulaziz alinitazama, akasema, "Yamezungumzika?" Nikamwambia aniache. Nilikwenda nyuma nikapiga kipande cha chuma baridi mpaka mkono ukafa ganzi.

Siku ilifika. Ndoa ilifungwa asubuhi msikitini, na baada ya adhuhuri watu wakajaa uwanjani kwetu, wa Handeni mkeka huu, wa Makuyuni mkeka ule. Baba alikuja na jembe limefungwa kwenye kitambaa cheupe. Hashim alivaa kanzu mpya na kofia. Binamu wa baba alitoa maneno ya kufungua, kisha akatangaza kwamba jembe la bibi harusi limefuliwa na mkono wa Hashim bin Ukasha. Vigelegele vikapigwa, na Hashim akainama kupokea pongezi. Watu wa Makuyuni walilipitisha jembe mkono kwa mkono. Shangazi wa bwana harusi, Bi Mwantumu, mkulima hasa, alilipima uzito na kusema zamani ndiyo alikuwa anaona majembe ya namna hii. "Kijana ana mkono mzuri," alisema.

"Alhamdulillahi," akajibu Hashim. "Ni kipaji tu."

Neno "kipaji" ndilo lililonimaliza. Visu vinne, majembe mawili, kovu la mkono wa kushoto, Jumamosi za miaka minne, eti kipaji. Nikasimama. Abdulaziz alinivuta ncha ya kanga, nikaivuta ikamtoka.

"Bi Mwantumu," nilisema, "ukitaka kuona mkono huo ukifanya kazi, jiko la kufulia liko hapo nyuma. Mkaa upo, chuma kipo, kilekile cha jembe hilo. Hashim atufulie hata mkia tu, dakika kumi."

"Tatu, kaa chini," alisema baba.

"Kwani kuna ubaya gani, mzee mwenzangu?" akasema Bi Mwantumu, na tayari alikuwa ameinuka. "Hata mimi ningependa kuona."

Sasa Hashim angekataa vipi? Angesema mkono unamuuma, pengine ningemwacha. Lakini ameshalishwa sifa tangu utotoni, akadhani sifa ndiyo kazi. Alikunja mikono ya kanzu, akaenda nyuma, na watu nyuma yake. Alizoea ile mivukuto ya ngozi ya baba, ambayo mtu anavukuta mpaka jasho linamtoka ndipo moto uamke. Feni yangu hakuijua. Aliifungulia yote, akatumbukiza kipande cha diski katikati ya mkaa, akageuka kuongea na vijana wa Makuyuni. Ningeweza kumwambia apunguze. Sikumwambia.

Chuma kile hakivumilii moto wa kusahauliwa. Kilianza kurusha cheche nyeupe, watoto wakapiga makofi, na Hashim naye akacheka, akadhani ni uzuri. Akakitoa kwa koleo, akakiweka kwenye fuawe, akapiga kwa nguvu. Kikameguka vipande vitatu kama andazi la juzi. Kimoja kiliruka kikatoboa kanzu mpya. Hakuna aliyecheka. Hashim alibaki ameshika koleo lenye kipande cha chuma cha ukubwa wa kidole, akanitazama kwa macho yaleyale ya utotoni, ya moshi. Nilimwonea huruma kidogo, kwa sababu hakuna aliyewahi kumuuliza yeye alitaka nini. Lakini kidogo tu.

Tulirudi kwenye mikeka. Bi Mwantumu aliliweka jembe mapajani mwa baba, taratibu, kwa adabu.

"Basi mzee wetu, tuambie. Nani kalifua?"

Nilimtazama baba. Nilijua anakwenda kusema, hakuna njia nyingine iliyobaki.

"Nililifua mimi," alisema baba.

Watu wote wale walikuwa wamemwona nusu saa iliyopita akinyweshwa chai. Wote. Na bado sauti moja ikasema, "Mashallah, mzee bado yumo!" na nyingine ikaitikia, na vigelegele vikaanza upya, vya haraka haraka, vya watu wanaotaka jambo liishe wapate pilau. Abdulaziz alitazama chini. Kwao uongo ulikuwa mwepesi kuliko mwanamke mwenye nyundo.

Baba akainuka, akanyanyua jembe kwa mikono miwili, akamwelekea Yusra. Bibi harusi hulipokea akiwa amesimama, viganja juu. Yusra alisimama. Lakini mikono yake aliificha ndani ya mtandio.

"Pokea, mjukuu wangu."

"Nisamehe, babu," alisema Yusra, sauti ndogo, na sikujua binti yangu ana sauti ya namna hiyo. "Namsubiri aliyelifua."

Baba alibaki na jembe hewani. Lilikuwa zito, nililifua zito makusudi kwa udongo wa Makuyuni, na mikono ikaanza kumtetemeka mpaka kwenye mabega. Hashim alisogea amsaidie, baba akamsukuma kwa kiwiko. Kuliweka chini alikuwa hawezi, jembe la bibi harusi haligusi ardhi kabla hajalipokea. Hiyo nayo ni mila, na yeye ndiye mlinzi wake.

"Tatu," alisema mwishowe, bila kunitazama, kwa sauti ya kunong'ona. "Njoo. Kazi yako hii. Mpe mwanao."

Nilimsikia vizuri. Ni baba yangu na nampenda, na kumwona akitetemeka mbele za watu kuliniuma. Lakini sikuinuka. Nilikaa palepale kwenye mkeka, mikono mapajani, nikamwangalia.

"Sema tena, baba," nikamwambia. "Wa nyuma hawajasikia."