Madaftari ya Pandu

Bi Mwatum alipofungua kasha, mchwa walikuwa wamemtangulia. Madaftari saba ya mwanawe Pandu yalikuwa yamegandana kwa udongo, na katikati ya kurasa mlikuwa na vijia vilivyopinda kama vichochoro vya mjini. Pembeni tu ndipo maandishi yaliposalimika: tarehe, hesabu mbili tatu, jina lake.

Pandu alikuwa mwalimu wa skuli. Alichukuliwa nyumbani asubuhi moja baada ya mapinduzi ya mwaka sitini na nne. Hakurudi, wala hapana aliyesema alipozikwa. Maiti haikuonekana, na matanga hayakuwekwa. Kwa miaka minne majirani wa mtaa wa Malindi walimwamkia mama mtu, wakamuuliza habari za mvua na za mchele, lakini jina la Pandu halikupita kinywani mwa yeyote. Nyakati zile kila mtu aliuchunga ulimi wake, hata chumbani kwake.

Bi Mwatum aliyafunga madaftari ndani ya kanga, akayapeleka Darajani kwa Mkadam, mzee aliyejalidi misahafu na vitabu.

"Nataka yawe kitabu kimoja," alisema. "Kisomeke."

Mkadam aligeuza kurasa kwa ncha ya kisu. "Niachie mwezi, Bi Mwatum. Siahidi kitu."

Mwezi ulipotimia, fundi alimwekea mezani kitu chenye majalada ya ngozi nyeusi. Alikifungua, akazidi kukifungua, mpaka jalada likakutana na jalada, kikasimama chenyewe, duara. Kila karatasi ilikuwa imekunjwa na kushonwa kwa uzi wa kitani. Matundu ya mchwa yalifuatana ukurasa kwa ukurasa, yakafanya uwazi mmoja wa kuenea mkono.

Bi Mwatum alikigeuza huku na huku. "Nilikuletea maneno ya mwanangu. Umenipa kinyago."

"Maneno yameliwa, Bi. Nshajaribu kuyaunga. Ningebandika karatasi mpya juu yake, ningekuwa nakudanganya. Nimeshona kilichobaki, na pale pasipobaki kitu nimepaacha."

Bi Mwatum alikichukua, akaondoka bila kuaga. Siku tatu kikakaa uvunguni mwa kitanda.

Siku ya nne, alipokuwa akifagia, alikitoa na kukisimamisha mezani karibu na dirisha. Mwanga ulipenya matundu, ukaangukia mbao za meza kwa vipande vipande. Pembezoni aliliona jina, Pandu, hapa limeandikwa kwa haraka, pale kwa utulivu. Aliingiza mkono polepole. Karatasi zilimgusa kifundo cha mkono, nyepesi, kama mtu anayemvuta mwenzake nguo kwa adabu. Miaka minne alikuwa amelibeba tundu lile asijue pa kulitua. Sasa lilikuwa mezani, lina kingo, lina jalada. Akalia mpaka adhuhuri.

Hakukirudisha uvunguni.

Jioni Bi Kazija, jirani wa mlango wa pili, aliingia kuazima mbuzi ya nazi. Alipokiona kitabu alisita. Akakizunguka, akainama, akasoma pembeni. Bi Mwatum alingoja aombe mbuzi yake aende zake.

Badala yake Bi Kazija alikwenda mlangoni, akaurudisha, akalisukuma komeo taratibu.

"Alikuwa na umri gani?" aliuliza, bado kakipa chumba mgongo.

"Ishirini na tatu." Sauti yake mwenyewe ilimshitua Bi Mwatum. "Angetimiza ishirini na saba mwezi wa mfungo tano uliopita."

Mkono wa Bi Kazija ulibaki juu ya komeo, hakuuondoa.