Haki ya Kupita Jikoni kwa Mama

Usiku wa kuamkia leo niliota natembea na chama chetu cha matembezi kando ya mfereji wa mashua, na nisidhaniwe nilikuwa nimelewa, maana mimi hata soda ya baridi hunipa mafua.

Kwanza nijieleze. Mimi ni Mbaruku wa Pangani, dereva wa gari la mikate katika kijiji kimoja cha Uingereza. Siku za mapumziko hutembea. Sisemi kutembea kwenda mahali. Natembea tu, mashambani, kando ya mfereji, kwenye tope mpaka vifundoni, halafu narudi pale pale nilipotoka na kusema nimefurahi. Nina suruali yenye mifuko mingi kuliko vitu nilivyo navyo, na fimbo mbili. Kwetu mtu mwenye fimbo mbili hupishwa njia na kupewa pole. Huku anaitwa mwanachama.

Jumapili iliyopita mama alinipigia simu. Miguu yake siku hizi inaishia kwenye kizingiti cha jiko. Akaniuliza nakuja lini, nami nikamwambia likizo ya mwaka huu imeshajaa, chama kinatembea mfereji mzima tangu mwanzo hadi mwisho, na mimi ndiye mbeba chupa kubwa ya chai. Akasema, "Haya baba, mtembee salama." Nikakata simu nikijiona nimejieleza vizuri kabisa.

Basi katika ndoto mvua inanyunya, na sisi tumepangana mstari mmoja nyuma ya Bi Marjorie. Bi Marjorie ni mwenyekiti wetu, mwalimu mstaafu, mwembamba, filimbi shingoni. Katika maisha yangu nimewahi kuwaogopa watu wawili tu, naye ni mmoja wao. Mwingine alikuwa ngariba.

Tunafika kwenye lango la shamba la ng'ombe. Huku kuna sheria inayoheshimiwa kuliko zile za barabarani: lango liache kama ulivyolikuta. Ukilikuta wazi, liache wazi. Ukilikuta limefungwa, lifunge.

"Umenikutaje?" lango linaniuliza.

"Una huzuni," nasema.

"Basi niache na huzuni."

Lakini mimi nimelelewa. Siwezi kumpita mwenye huzuni nimefumba mdomo. Nikaliambia pole, nikauliza habari za bawaba zake, za komeo, na kama usiku lilipata usingizi. Lango likafurahi mno. Likawa linajifungua na kujifunga lenyewe, na ng'ombe nao wakaanza kutabasamu.

Bi Marjorie akapuliza filimbi. Chama kizima kikasimama mvuani, kila mwanachama akilisimulia lango utabiri wa hali ya hewa wa wiki nzima, mpaka likarudi kwenye huzuni yake ya awali.

"Usirudie tena, Mbaruku," anasema Bi Marjorie.

"Sitarudia," nasema, na moyoni nafurahi kwamba amelitamka jina langu sawasawa.

Mbele kuna mahali pa kushushia mashua. Anayejua mifereji ya Kiingereza anapajua: milango miwili mikubwa ya mbao, na katikati yake chumba cha maji. Mashua ikiingia, wanafunga nyuma, wanayaachia maji yatoke, nayo inashuka taratibu hadi usawa wa chini. Msimamizi wa leo ni bata maji mweupe aliyevaa koti la mvua.

"Mashua iko wapi?" anauliza.

"Hatuna mashua," anajibu Bi Marjorie. "Tunatembea."

"Hapa hakipiti kitu kisichoshuka," anasema bata. "Shukeni na maji."

Tukaingia chumbani kwa adabu, tukasimama juu ya maji kama kwenye zulia. Maji yakaanza kutoka. Tunashuka. Kuta zenye kuvu zinapanda pembeni yetu, mbingu inakuwa ndogo, na wenzangu wanagawana biskuti. Tunashuka mpaka nahisi joto. Nafungua zipu ya koti. Nasikia harufu ya kitunguu kinachokaangwa.

Mlango wa chini ukafunguka, nasi tukatokea jikoni kwa mama, Pangani.

Sikushangaa, na hilo ndilo linalonishangaza sasa. Njia ya mfereji iliendelea kama kawaida, kipande chembamba cha tope kikipita katikati ya jiko la mkaa na mtungi wa maji, kikitokea mlango wa uani. Ukutani, juu ya rafu ya sufuria, pamepigiliwa ule mshale wa njano wanaouweka mashambani Uingereza kuonyesha njia ya umma, yaani njia ambayo kila mtu ana haki ya kuipita hata kama shamba ni lako.

Mama amekaa kwenye mbuzi anakuna nazi. Hakuna aliyepiga hodi. Kwenye njia ya umma hodi haitakiwi, na mimi mwenyewe, niliyezaliwa chumba cha pili kutoka hapo, sikupiga.

"Karibuni," mama anasema hata hivyo. "Karibuni, mkae, chai iko tayari."

"Asubuhi," anasema mwanachama wa kwanza bila kupunguza mwendo. Ndiyo salamu ya matembezi, nzima nzima, haina mkia.

"Asubuhi imefanyaje?" anauliza mama.

"Asubuhi," anasema wa pili, akipita.

Mama anawatazama kwa huruma, akidhani wanakimbia msiba. Kisha ananiona mimi, na fimbo zangu mbili.

"Mbaruku! Mwanangu, unaumwa?"

"Shikamoo, mama. Siumwi. Ni za matembezi."

"Marahaba, baba. Umekuja?"

"Nimekuja, mama."

"Umekuja au unapita?"

Miguu yangu haikusimama. Nilitaka kusimama, lakini njia ilikuwa inanivuta polepole kuelekea uani, na nyuma yangu wanachama walikuwa wanakohoa kwa adabu, kama wanavyokohoa wakitaka mtu apishe.

"Napita," nikasema. Sijawahi kuona aibu namna ile, hata siku nilipoangusha mikate ya kijiji kizima mferejini.

Mama akavuta kigoda. Akakifuta kwa pindo la kanga, akakiweka karibu yake, hatua moja tu nje ya njia.

"Kaa basi. Hata ukipiga funda moja la chai."

"Hawezi," ukasema mshale wa njano. Ulikuwa na sauti ya karani wa mahakama. "Ana haki ya kupita na haki ya kurudi. Haki ya kukaa hana. Kukaa ni nje ya njia."

"Kukaa kwa mama yake?" mama akauliza.

"Sheria haijamtaja mama."

Mama akanigeukia mimi, si mshale. Hakuomba tena. Alinitazama tu, mkono juu ya kigoda, nami nikaona jinsi mkono wenyewe ulivyokonda.

Ni hatua moja. Ningeweza kuinua mguu nikauweka pale. Hapakuwa na ukuta, wala mbwa, wala polisi. Bi Marjorie peke yake, amesimama mlango wa uani, filimbi karibu na midomo.

"Mbaruku," anasema, "ukitoka kwenye njia utatuharibia jina. Na chai unayo wewe."

"Ni mama yangu, Bi Marjorie."

"Ni mzuri sana," anasema. "Tunapita."

Na mimi, mtu mzima mwenye ndevu na leseni ya gari kubwa, nikamwogopa mwalimu mstaafu. Nikamwambia mama, "Nitakuja mwakani." Niliusikia mdomo wangu ukilisema neno hilo kwa ufundi, neno lililozoea kusemwa. Nikatoka uani na chupa yangu ya chai mgongoni, nikilia, na mvua ya Kiingereza ikaanza tena, ikinifichia machozi wenzangu wasije wakaona haya kwa niaba yangu.

Nikaamka mto umelowa. Nje kunapambazuka, na simu inaita. Mke wangu Zawena akaichukua, akaitazama, akanipa.

"Mama yako. Asubuhi yote hii, kuna nini?"

Nikaipokea roho mkononi.

"Shikamoo, mama. Kwema?"

"Marahaba. Kwema, kwema." Nyuma ya sauti yake nilisikia sufuria ikifunikwa. "Nilikuwa nataka kukuuliza tu. Wale Wazungu wenzio, walikuwa na haraka ya nini? Hata chai hawakunywa."

Zawena alikuwa ananitazama.

"Nawe ukawafuata," mama akasema.

"Niliwafuata, mama."

"Haya." Alilisema kama Jumapili ile. "Kigoda sijakiondoa."