Daraja la Lamarana

Kila asubuhi Joxepa Iridoi alivaa sweta juu ya gauni la kulalia, akaingiza miguu kwenye ndara, akachukua kikapu na kwenda Ufaransa kununua mkate. Mkate wa Irun, mji wake, alisema, unafaa kupigia wezi tu. Alivuka daraja la mto Bidasoa, akaingia kwa mwoka mikate wa Hendaia, akamsema kidogo kwa sababu mkate wa jana uliungua chini, akalipa, akarudi Hispania. Maji aliyoyaacha jikoni ndiyo kwanza yalikuwa yanaanza kuchemka.

Hakuwa peke yake. Wafaransa nao walikuja upande huu kujaza petroli, kununua sigara na mapaja ya nguruwe yaliyokaushwa, na kukata nywele. Walikuwepo watu ambao mbwa wao alikuwa na daktari nchi moja na kinyozi nchi nyingine. Watu wa huku hutoka nchini mwao kama unavyotoka uani kwenda kumwomba jirani chumvi, na ukiwaambia kwamba wamesafiri watakucheka. Kusafiri, kwao, ni kupanda ndege. Juu kidogo ya mto kipo kisiwa ambacho ni cha Hispania nusu ya mwaka na cha Ufaransa nusu iliyobaki, na hakuna aliyewahi kukosa usingizi kwa ajili hiyo.

Katika daraja hilo hilo Lamarana Diallo alikuwa akitembea tangu mwisho wa majira ya baridi.

Alianza asubuhi baada ya chai, kutoka kwa Joxepa alikopewa chumba, akaenda kwa mwendo wa mtu mwenye afya na haraka. Katikati ya daraja alifika vizuri. Baada ya hapo daraja lilianza kuongezeka. Mwisho wake aliuona, aliiona taa ya barabarani na hema la walinzi wa mpaka, aliwaona walinzi wenyewe wakicheza karata, na vyote vilibaki pale pale vilipokuwa. Wenye vikapu walimpita wakimwamkia, wakamkuta tena wakati wa kurudi. Jioni aligeuka, na kwa hatua chache alikuwa Irun.

Daraja lilikuwa na tabia hiyo kwa watu wa aina yake, wageni weusi wasio na karatasi, na mji ulikuwa umeizoea. Hapo awali halmashauri ilituma mafundi na futi ya kupimia. Waliposhika wenyewe ncha zote mbili, daraja lilikuwa na urefu wake wa siku zote. Walipompa Lamarana ncha moja, futi iliisha, wakaunga nyingine, nayo ikaisha, na saa ya chakula ilipofika wakakubaliana kwamba futi ni mbovu. Walinzi waliona ni nafuu. Zamani iliwalazimu kusimama juani na kuwarudisha watu kwa mikono yao.

Mkewe, Kadiatou, alikuwa ng'ambo. Walikuwa wameondoka pamoja asubuhi moja ya ukungu mzito, ukungu uliolizuia daraja kuona nani anatembea juu yake. Kadiatou alikuwa mbele na mimba yake ya miezi michache, Lamarana nyuma, ameshika ncha ya mtandio wake. Ukungu uliinuka wakiwa wamebakiza kidogo. Kadiatou akafika Ufaransa, Lamarana akabaki na mtandio mkononi. Tangu hapo Kadiatou aliishi Hendaia kwa Graxi, binamu yake Joxepa, mwanamke mwenye gari kuukuu na moyo mzuri. Graxi alijaribu kumvusha Lamarana kwa gari hilo. Alijaza tangi Irun, akamketisha mbele na kumfunga mkanda. Petroli iliisha kabla daraja halijaisha.

Mwezi wa Agosti mtoto alizaliwa, wa kike, huko huko Ufaransa.

Kwao Labé, mji walikotoka, mtoto hupewa jina siku ya saba. Jina hunong'onwa sikioni mwake kwanza, ili awe wa kwanza kulisikia, kisha hutangazwa, na kondoo huchinjwa. Wazee walipiga simu kutoka Labé wakasema si lazima awe baba, mtu mzima yeyote mwenye adabu anaweza kulitamka, Lamarana akasikiliza kwenye simu. Kadiatou aliwajibu kwa heshima zote. Aliwaambia kwamba mtoto huyu hakuokotwa, ana baba aliye hai na mwenye mdomo, na baba huyo atalitamka jina mwenyewe au mtoto akae bila jina. Wazee walisema mwanamke huyu ni mkaidi. Kadiatou aliwashukuru na kukata simu.

Joxepa alilichukulia jambo hili la daraja kumzuia baba kama tusi kwa ukoo wake. Mama yake, na bibi yake kabla yake, waliishi kwa kuvusha magendo katika mto ule, kahawa chini ya sketi, shaba chini ya nyasi za ng'ombe, wakati mpaka ulikuwa mpaka kweli na bunduki zilikuwa zinalia. Watu wa huku hujivunia mababu wavusha magendo kama wengine wanavyojivunia masharifu.

"Hakuna kitu ukoo wa Iridoi ulichoshindwa kuvusha," alimwambia Lamarana jikoni. "Mama yangu alivusha piano. Piano nzima, mwanangu. Na wewe hata uzito huna."

"Hiyo piano ilikuwa nyeusi, bibi?"

"Nyeusi tii. Ila ilikuwa ya Mjerumani."

"Basi hapo ndipo iliponizidi."

Kesho yake Joxepa alimvalisha sweta lake la pili, akampa kikapu, akampitishia mkono kwapani na kumwambia asimwachie hata mbingu ikianguka. Walitembea wakisengenya majirani, kama watu wawili wanaokwenda kununua mkate. Katikati ya daraja mkono wa Joxepa ulianza kurefuka. Yeye alifika Hendaia, akaingia kwa mwoka mikate, akaagiza kwa mkono wa kulia, huku wa kushoto ukiwa umetoka mlangoni, umepita mbele ya hema na kwenda hadi kwenye kiwiko cha Lamarana. Mwoka mikate aliwaomba wateja wengine wainue miguu. Ilipofika zamu ya kulipa, Joxepa alihitaji mkono wa pili kufungua pochi, akamwachia. Mkono ulirudi. Mkono wa sweta haukurudi, ikabidi aukunje na kuushonea.

Siku hiyo palikuwa na msichana darajani, ametumwa na ofisi moja ya mbali, akiwauliza wapita njia kwa mwaka wanakwenda nchi jirani mara ngapi na kwa shughuli gani. Joxepa alimuuliza anataka za kabla ya kifungua kinywa au za baada ya hapo. Msichana alicheka na kumweka katika wasafiri wa mara kwa mara. Kisha alimfikia Lamarana, akatembea naye sambamba bila shida yoyote.

"Na wewe, kaka, mwaka huu nchi jirani umekwenda mara ngapi?"

"Sijafika bado. Niko njiani."

Msichana alitazama kishikwambi chake. Majibu yaliyokuwemo ni kazini, madukani, likizo na kwa ndugu. Njiani haikuwemo. Alitamka "wasiosafiri", akamweka humo, akamshukuru, akaenda Ufaransa kula chakula cha mchana. Lamarana alikuwa ametoka Labé kwa malori, kwa miguu na kwa boti la mpira, amezika rafiki jangwani. Neno lile lilimuuma kuliko daraja lenyewe, na jioni hiyo hakula.

Siku ya saba ilifika bila ukungu, jua kali tangu alfajiri. Joxepa alikuwa amekesha akiwaza, na alikuwa amepata jibu. Kadiatou hakuweza kuja, maana kurudi Irun ni rahisi, lakini akirudi hatafika tena Ufaransa. Mtoto, je? Mtoto alizaliwa upande ule. Hakuwa na jina, hakuwa na karatasi, hakuwa na hata jino moja. Daraja litamjuaje? Alikwenda kwa Graxi, akampokea mtoto mikononi mwa Kadiatou, akamlaza kwenye kikapu cha mkate na kumfunika shuka.

"Nikirudi hapa ana jina," alisema.

Kadiatou alimsindikiza hadi kwenye hema la walinzi na kusimama hapo.

Joxepa alimfikia Lamarana kwa dakika zile zile za siku zote. Wenye vikapu walisimama. Nyama ya kondoo ilikuwa imenunuliwa Irun, imefungwa kwenye karatasi, kwa sababu huku kondoo hachinjwi darajani. Lamarana aliinama sikioni mwa mwanawe. Alimnong'oneza jina lake. Kisha aliinuka na kutangaza kwa sauti iliyofika kingo zote mbili kwamba huyu ni Halimatou Diallo, amepewa jina la bibi yake mzaa baba. Joxepa alikuwa amejiandaa kukataa kwa unyenyekevu jina lake litakapotajwa. Halikutajwa. Alinuna kidogo, akampiga mtoto busu, akashika njia ya kumrudisha kwa mama yake.

Alitembea. Alipita mahali ambapo huanza kunusa mkate. Taa ya barabarani ilikuwa mbele yake, na hema, na Kadiatou, na vyote vilibaki pale pale. Alikaza mwendo. Katika maisha yake yote hakuwahi kuona ubao wa daraja lile ukizaa ubao mwingine mbele ya ndara zake, na sasa aliona. Halimatou aliamka akaanza kulia kwa njaa. Kule mwisho, maziwa yalikuwa yamelowesha gauni la Kadiatou.

Mlinzi mmoja aliweka karata zake chini. Hakuwa mtu mbaya. Alimwita kwa upole.

"Bibi, weka kikapu chini. Wewe utapita."

"Nipite niende wapi?" alisema Joxepa. "Huyu ni mjukuu wangu."

Alihamishia kikapu mkono wa pili na kuendelea.

Kadiatou alimsikiliza mwanawe akilia. Alijua kabisa alichokuwa anakiacha: kitanda kwa Graxi, mkunga, na miezi yote ile ya upande ule. Alivua viatu akavishika mkononi, akamwambia mlinzi, bila kupandisha sauti, "Mlitaka tuchague. Hatuchagui." Akaingia darajani. Hatua chache zilimtosha kuwafikia. Aliketi kwenye ukingo wa daraja, akamnyonyesha mtoto, na Lamarana akaja akamfunika mabega kwa ule mtandio wake. Walipomaliza, Kadiatou alimfunga Halimatou mgongoni, akaugeuza uso Ufaransa na kusema twende. Walikwenda hadi jua likazama, Joxepa nyuma yao, ndara mkononi.

Tangu siku hiyo walianza kila asubuhi baada ya chai, wote wanne. Graxi ndiye aliyewaletea mkate, maana Joxepa aliapa kwamba Ufaransa ataingia na mjukuu wake au hataingia, na kiapo chake hakivunjiki. Halmashauri iliweka benchi. Walinzi walibadilishwa na wengine, nao wakajifunza karata. Wafaransa waliendelea kuja kwa petroli, watu wa Irun kwenda kuogelea, wakisema samahani na kupishana nao.

Halimatou alijifunza kutembea hapo hapo darajani, akielekea nchi aliyozaliwa. Hatua zake za kwanza zilikuwa imara. Watu wa pande zote mbili walisimama na vikapu vyao, wakampigia makofi, wakampita.